Asya, Uliyetuambia Unacheza Gofu

Mwaka umetimia leo, Asya, tangu Mola akuchukue ukiwa na miaka arobaini na mbili, na nyumba hii ya mjini Ibra haijatulia hata siku moja. Mama anahamisha makochi kila wiki. Gari likipunguza mwendo mlangoni, anainuka. Sisi tunajifanya hatumwoni, kisha nasi tunachungulia.

Wewe mwenyewe hukujua kukaa. Kahawa uliinywa wima, tende mkononi, na jikoni upawa ukikuingia mkononi hukuuacha mpaka uupunge juu ya bakuli la mchuzi kama uko uwanjani. Tulikugombeza sana. Leo tungekupa vyombo vyote uvivunje.

Twakumbuka ulipokuja kutueleza kuwa umepata kazi ya kucheza gofu. Mama, mzaliwa wa Unguja, gofu alilolijua ni nyumba iliyobomoka tu, na Ibra ya zamani imejaa magofu. Miezi mitatu alikufukiza ubani kila ukirudi, akinong'ona kuwa kule kuna wenyewe, majini. Wewe ukadhani anaifurahia kazi yako. Kaka yetu Hamed ndiye aliyemwonyesha kwenye televisheni: majani, vishimo, na wewe na mtandio wako unapiga mpira mbele ya umati. Sote tukacheka. Mama hakucheka.

"Bora huko magofuni," alisema. "Kule hapana wa kukutazama."

Tangu hapo hakukukataza, wala hakukupa radhi. Ukaenda hivyo hivyo, mwanamke wa kwanza kwetu kucheza kwa kulipwa. Ulianza na kipande cha zulia la kijani ulichokitandika mchangani nje ya mji, ukafika Moroko na Malaysia, ukarudi kufundisha wasichana wa Nizwa kila Jumamosi. Kabla ya kila mashindano ulimpigia simu: "Nipe radhi yako, Mama." Naye hujibu, "Umekula?" Miaka kumi na saba ilikwenda hivyo. Hata hospitali ulimwomba, akakwambia upumzike, mtazungumza ukipona.

Hilo ndilo linalomzungusha Mama nyumba nzima.

Mwezi uliopita binti yako Tahani, sasa ana miaka kumi na tisa, alisema anataka kuishika kazi yako. Hamed akaja juu, akapakia fimbo zako garini akazigawe. Tahani akazishusha. Akapakia tena, akazishusha tena. Mimi, dada yako Turkiya, nilisimama katikati nikawafokea wote wawili, nami sijui niko upande gani. Ndipo Mama akatoka uani, akaketi juu ya mfuko wa fimbo ili asiwepo wa kuugusa, akamshika Tahani mkono.

"Nenda, habibti. Radhi zangu unazo, za leo na za kesho."

Halafu akalia mpaka tukaogopa. Hamed akaenda kumletea maji. Mama hakuyanywa, alikuwa bado anamtazama Tahani usoni.

"Kumbe neno lenyewe dogo hivi, Asya," akamwambia.

Hakuna aliyemsahihisha. Tahani alimbusu mkono, akaitikia, "Ndiyo, Mama."

Anasafiri Alhamisi. Tusamehe, ndugu yetu, kwa ulichokikosa.

Wanaokukumbuka ni mama yako Ghaniya, mumeo Muadh, binti yako Tahani, kaka yako Hamed, mimi Turkiya, na wasichana wako wa Nizwa. Mola akurehemu. Maisha yetu yote tutakukumbuka.