Pini Iliyonichoma Nisijue

Mpendwa mshauri, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia havisikii kitu, na nimeficha hivyo wiki sita. Nimemaliza shule mwaka huu, najifunza kushona kwa shangazi, ambaye anadhani kila jioni niko maktaba, kumbe nakwenda kunyanyua vyuma nyuma ya gereji, na huko mimi ninayeona haya hata kumwambia mteja “karibu” nabeba kilo arobaini juu ya kifua, kocha anapaza sauti, “Tazameni, Kimya kawapita nyie wenye ndevu!” na kwa dakika ile sioni haya kabisa. Kisha ganzi ikaanza, kidole gumba na viwili vinavyokifuata, nikadhani kifundo cha mkono kimelegea, nikachukua lastiki kwenye droo ya shangazi, nikaizungusha mara nne chini ya sweta, na siivui hata nikilala. Juzi nilikuwa nakunja pindo la gauni jeupe la mteja, shangazi akauliza, “Mwanangu, hiyo nyekundu umeitoa wapi?” Kutazama, ni damu, pini imesimama kidoleni na mimi sina habari. Akacheka, “Una ngozi ya kiatu wewe,” akaenda kuloweka gauni. Nikimwambia atanikataza vyuma, nisipomwambia naogopa sitashona tena. Nifanye nini? Nawe unayesoma, tafadhali, usimwambie mtu.

Kimya

Binti yangu Kimya, weka gazeti chini ukakate hiyo lastiki. Nenda, nakungoja.

Haya. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo hupita mahali pembamba hapo kwenye kifundo. Ukibeba uzito kiganja kikiwa kimepinda nyuma, unaubana. Wewe ukazungushia lastiki juu yake, ukalala nayo! Nani alikwambia ganzi hutibiwa hivyo? Msichana kunyanyua vyuma si kosa, na nimefurahi umepata mahali pa kutoona haya. Lakini kilo arobaini juu ya kifua, kwa mkono usiosikia hata pini? Acha vyuma vya mikono mpaka daktari aseme. Miguu unayo, ifanyishe mazoezi. Wiki hii nenda hospitali, taja wiki sita, taja pini, usinong'one. Ukiruhusiwa kurudi, kocha akuonyeshe kushika chuma kifundo kikiwa kimenyooka.

Siri yako kwangu iko salama. Ila shangazi mwambie leo, kabla gauni jingine halijamwambia.