Nimemlisha Baba Mkwe Maji ya Nyuzi za Besi, Sasa Ukoo Mzima Unataka Kuonja

Mama Mbango, naomba msaada wako, na kwanza naomba usinicheke, maana kila niliyemweleza jambo hili amecheka mpaka akashika ukuta, na mimi sina nafasi ya kucheka, mimi Jumamosi hii napeleka mahari na nyumbani kwangu kuna ndoo imejaa nyuzi chafu za watu.

Mimi ni mpiga besi, naishi Bonabéri, ng'ambo ya mto hapa Douala, nina miaka thelathini na minne, napiga kwenye bendi ya harusi na misiba, na mchumba wangu ni Kwedi, binti wa mtaa wa Deido, mwalimu wa hesabu, ambaye akikaa mstari wa mbele ukumbini mimi mapigo yote yananipotea. Mama yake, Mama Sike, alinikubali siku ya kwanza. Shida ilikuwa baba yake, Mzee Ekwalla, fundi mitambo mstaafu wa bandarini, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiniita "yule wa gitaa", na nikimwambia mzee, mimi napiga besi, si gitaa la solo, anasema, "Ahaa, ile ambayo hata ukiacha kupiga watu wanaendelea kucheza?" halafu anacheka peke yake. Iliniuma sana. Sisi wapiga besi tumezoea kutosikika, lakini si mbele ya baba mkwe jamani.

Sasa pengine hujui, nyuzi za besi zikishika jasho na uchafu wa vidole zinakufa sauti, na kwa kuwa seti mpya si kitu cha kununua kila mwezi, sisi tunazivua, tunazichemsha kwenye maji yenye siki kidogo, uchafu unatoka na sauti inarudi, kila mpiga besi hapa Douala amewahi kufanya hivyo na kila mke wa mpiga besi amewahi kufoka kuhusu sufuria. Jumapili moja nilikuwa Deido kwa wakwe, jioni nilikuwa na harusi ya kupiga, nyuzi zangu za miaka minne zimekufa kabisa, nikaona jiko halina mtu, nikachukua sufuria, nikazichemsha dakika ishirini, nikazitoa, nikaenda uani kuzifuta, na hapo kiongozi wa bendi akanipigia simu tukabishana kuhusu sare, na kumbe huku nyuma Mama Sike ameingia jikoni, amekuta yale maji yamekuwa meusi tii, akadhani Kwedi ameanza kupika mbongo, ule mchuzi wetu mweusi wa samaki, basi akatia kambale, akatia pilipili na viungo vyote, akapakua.

Nilipoingia sebuleni kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni mwa mzee. Ningepiga kelele. Sikupiga. Mzee alimeza, akafumba macho, machozi yakamtoka, akainamisha kichwa kama mtu aliye kanisani, halafu akauliza, "Nani kapika hii?"

"Si Kwedi?" akasema Mama Sike.

"Mimi? Mimi sijaingia jikoni tangu asubuhi," akasema Kwedi.

Wote wakanigeukia mimi niliyesimama mlangoni na taulo mkononi, na mdomo wangu, Mama Mbango, mdomo huu huu, ukasema, "Ni mimi, baba."

Mzee akanitazama, akamtazama mkewe, akanitazama tena. "Una kina," akasema. "Mchuzi huu una kina, mwanangu."

Mwanangu! Miaka miwili nimekuwa yule wa gitaa, leo mwanangu. Mama Sike akapiga vigelegele, akasema mkwe wetu anajua kupika na kuanzia leo kila Jumapili mbongo ni yake, na mzee akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, apike." Ujue Mama Sike ana vidonda vya tumbo, pilipili haigusi, na Kwedi hali samaki tangu utotoni, kwa hiyo mlaji ni mzee peke yake. Mimi husema nimeshiba.

Usidhani sikujaribu kuwa mwaminifu. Jumapili ya pili nilimwendea jirani yangu mmoja mpishi hodari, akanifundisha mbongo ya kweli, viungo vimechomwa vizuri, samaki mbichi wa asubuhi, nikampelekea mzee. Alikula sahani tatu na miondo sita ya muhogo, akajilamba vidole, lakini hakusema neno hata moja, hakusema kina, hakusema mwanangu, hakuinua hata kichwa. Nikajua nimempoteza. Jumapili ya tatu nikafunga mlango wa jiko, nikasema mpishi hapendi kuangaliwa, nikazitumbukiza nyuzi, na mzee alipomeza tu machozi yakamtoka, akasema, "Kina kimerudi, mwanangu."

Sasa nyuzi zikichemshwa mara mbili tatu zinatakata, hazina tena cha kutoa, ikabidi kila Jumapili niweke zangu na kuongeza seti chafu ya mwenzangu. Wapiga besi tunakutana kila Jumanne kwenye karakana ya Fundi Moukoko kule New Bell, yeye anatengeneza amplifaya na sisi tunabishana nani ana mkono mzito. Nikawaeleza yote. Walipomaliza kucheka wakaanza, kama kawaida yetu, kugombana.

"Nyuzi zangu haziguswi," akasema Kaka Njoh, mkubwa wetu, ambaye hajabadilisha nyuzi miaka kumi na moja. "Hizi zina jasho la misiba mia nne. Ukizitakatisha nitampigia nani?"

"Kaka, ni kwa ajili ya mke."

"Mke wako au wangu?"

"Achana naye," akasema Ebongué, yule anayepiga kwa gumba mpaka besi inalia kama inachapwa. "Nyuzi zake ni zile laini, hazishiki kitu, mchuzi utakuwa maji matupu. Chukua zangu. Zangu zina mikunjo, na kila mkunjo una kitu ndani."

"Uchafu wa gumba huo! Utamlisha mzee wa watu makelele?"

"Na wewe utamlaza kabla hajafika kwenye samaki!"

"Ladha iko kwenye uzi mnene," akadakia mwingine. "Huo mwembamba ni pilipili tu."

"Je, mwenye besi ya nyuzi tano?" akauliza Fundi Moukoko bila kuinua kichwa. "Si mchuzi wake utakuwa na mafuta zaidi?"

Kwa hilo la nyuzi tano walikaa saa mbili na nusu, na Ebongué na Kaka Njoh mpaka leo hawasalimiani.

Ningeendelea hivyo hivyo, Mama Mbango, ila dada wa Mzee Ekwalla, shangazi wa Kwedi, amesikia sifa, na akisema yeye hakuna wa kupinga, ameamuru Jumamosi kwenye mahari bwana harusi apike mbongo yake mwenyewe kwa watu tisini. Tisini! Wenzangu kumi na mmoja wamevua nyuzi zao wakanichangia, bendi nne zina kazi Jumamosi na zote zitapiga bila besi, viongozi wao wananitukana kwenye simu, na Kaka Njoh naye alileta zake, akaziweka kwenye ndoo moja moja huku analia. Mama Sike amenunua daftari, anataka nimsomee upishi aandike.

Je, niseme? Nikisema, mwanangu anarudi kuwa yule wa gitaa, na labda Kwedi anaondoka palepale. Nikinyamaza, nawalisha watu tisini jasho la vidole, na wawili kati yao ni wachungaji. Nampenda Kwedi, na Mungu anisamehe, nampenda na mzee. Nishauri. Na ikiwa utaniambia nipike, nitangulize nyuzi laini au zile za mikunjo?

Mpiga besi, Bonabéri

MAMA MBANGO ANAJIBU:

Wewe kijana wewe!

Nimecheka, nisikudanganye. Nilicheka mpaka nikafika pale kwenye sahani tatu, halafu nikaacha kucheka, na sababu yake utaiona hapa chini.

Tuanze na swali lako la mwisho. Nimelisoma mara mbili, nikavua miwani, nikalisoma tena. Nyuzi laini au za mikunjo? Mtu mzima na ndevu zako! Hupiki chochote chenye waya, unanisikia? Ile ndoo inarudi New Bell leo hii, kila mtu apewe nyuzi zake, na Kaka Njoh umpigie magoti, maana huyo ndiye rafiki. Huyo mwenzenu wa gumba mwambieni amsalimie mwenzake, upuuzi gani huo.

Halafu hebu nieleze jambo moja. Nyinyi si ndio mnaojisifu kuwa na masikio? Mnasikia ngoma imechelewa nusu ya nukta, lakini mzee anameza kitu, machozi yanamtoka, sauti inamkauka, wewe unasikia utamu? Anakula sahani tatu hana hata muda wa kuinua kichwa, wewe unasikia kuwa hajapenda? Mtu anayekula chakula kizuri haongei, kijana. Anakula!

Sasa kaa chini kama umesimama. Wiki tano zilizopita nilipata barua kutoka Deido, kwa mzee mmoja aliyestaafu bandarini. Aliomba nimjibu kwa simu, isichapishwe. Jana nimempigia nikaomba ruhusa ya kunukuu mistari michache, akakubali, hakuuliza ni kwa nini. Anaandika hivi: "Mama, mchumba wa binti yangu ananipikia kila Jumapili mchuzi wenye ladha ya kufuli. Nilifanya kazi kwenye mitambo miaka thelathini na moja na sikuwahi kuonja chuma namna hii. Siku ya kwanza nilitaka kutema, mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, nikaona kijana anatetemeka mlangoni, nikasema una kina. Jumapili moja alipika vizuri mpaka nikadhani Mungu amenisikia, nikala bila kupumua. Wiki iliyofuata chuma kikarudi. Nifanyeje? Sitaki kumvunja moyo. Ni mtoto mzuri."

Umeelewa? Mzee wa watu anakunywa kutu kwa sababu hataki kukuvunja moyo, na wewe unampikia kutu kwa sababu hutaki kumpoteza.

Na mimi, nakiri hapa mbele ya wasomaji wote, ndiye niliyemwambia aendelee. Nilimjibu, "Baba, huyo ni mkwe, vumilia, meza, msifu, shushia na maji." Nikakata simu nikijiona nimefanya kazi ya maana. Kwa hiyo Jumapili tano za mwisho dhambi ni yangu na yako nusu kwa nusu, na mzee nimeshamwomba radhi kwa ushauri wangu mbovu, ingawa sikumwambia kilichomo sufuriani. Hilo ni lako la kusema.

Utalisema hivi. Gazeti hili linatoka Jumatano asubuhi, na mzee ameniambia yeye hulisoma saa tisa akiamka usingizi wa mchana. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, una saa chache za kuvuka daraja mpaka Deido. Usianze kwa Mama Sike ukajificha nyuma ya kanga yake. Usianze kwa Kwedi ili akusemee. Nenda kwa mzee mwenyewe, keti mbele yake, sema, "Baba, ile haikuwa mbongo. Ilikuwa maji ya nyuzi zangu. Niliogopa kukwambia." Ishia hapo. Usimweleze habari za siki, usimweleze mabishano ya New Bell, hakuna anayetaka kujua. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki ya kukasirika Jumapili nane. Kisha mpeleke mwenyewe kwa daktari apimwe tumbo, ukae naye kwenye foleni mpaka mwisho. Kwedi naye umweleze siku hiyo hiyo, na akikununia usimharakishe. Jumamosi hao tisini wapikie ile mbongo ya jirani yako, kama bado watakutaka, na lile daftari la Mama Sike mwandikie upishi huo.

Unasema unaogopa kurudi kuwa yule wa gitaa. Basi sikiliza jinsi barua ya mzee inavyomalizika, na anisamehe kwa kumharibia siri, maana hili sikumwomba ruhusa:

"Huyu kijana huja na gitaa lake mgongoni, analiegemeza kwenye kona, anajifungia jikoni. Mimi namchokoza makusudi kuhusu hiyo besi yake miaka miwili sasa ili siku moja achukie, alichukue anipigie, nisikie mwenyewe inasemaje. Hajanipigia. Juzi alipokuwa jikoni nilifungua ule mfuko nikaona gitaa halina hata uzi mmoja. Kumbe mtoto hana nyuzi, anaona aibu kusema. Nimemnunulia seti mpya, nimeificha kabatini, nataka kumpa siku ya mahari. Je, Mama, nikimpa mbele ya watu nitamwaibisha?"

Swali hilo sikumjibu, nilishughulika na mchuzi nikalisahau. Mjibu wewe. Beba gitaa lako, nenda Deido sasa hivi, ukishamwambia ya kumwambia na akishamaliza kufoka, mwombe hizo nyuzi, zifunge akiwa anakuangalia, umpigie.