Kansere Haijui Njaa

Nakivale, 3 Machi 2025

Mutoto wangu Divine,

Salamu mingi. Masomo ya uuguzi yanaendaje? Hapa kambini tunapumua, Mungu asifiwe. Batoto ba marehemu kaka yako, Ulrich na mudogo wake, banakusalimia.

Uvimbe wa titi umeongezeka. Jirani yangu Mukarukundo ameniambia kansere inakula chakula chetu, ukikataa kula inakufa. Nimebaki na uji kidogo tu wa asubuhi. Niombee ife mbele yangu.

Mama yako, Perpétue

Mbarara, 7 Machi 2025

Mama yangu,

Nakusalimia kwa heshima. Mimi niko muzima, ila barua yako imeninyima usingizi.

Nilimuuliza mwalimu wetu. Akasema mwili umejengwa na seli ndogo sana, na kila seli ina namna ya kuonja chakula na nguvu zilizopo. Vikiwa vingi, inakua. Vikipungua, inatulia na kungoja. Katika kansere nyingi namna hiyo imeharibika. Mwili unalia njaa, seli inaendelea kukua kama imeshiba. Wataalamu wanatafuta dawa za kuituliza, lakini kukataa kula hakuitulizi. Kunakumaliza wewe.

Daktari aliyekupima alisema ukizidi kukonda hatakuanzishia sindano za kansere. Mama, kula, nakuomba.

Mutoto wako, Divine

Nakivale, 15 Machi 2025

Divine mama,

Habari za huko? Umenieleza vizuri, nimeelewa. Lakini tangu bapunguze chakula cha wakimbizi, sufuria haitoshi sisi bote. Zamani nikisukuma sahani, Ulrich alikuwa anaweka kijiko chini: "Bibi, na wewe kula." Mukarukundo aliponiambia maneno yale, nilifurahi. Nilipata sababu. Sasa nikisema ninafukuza kansere, banakula bila kuniangalia.

Usibaambie.

Mama yako

Mbarara, 18 Machi 2025

Mama,

Pole sana. Jumamosi ninakuja na gari la Valentin, yule muuza maharagwe. Nitachukua watoto wakae na mimi hapa mtaani Kakiika. Chumba ni kidogo, tutabanana. Chakula chote kitakachobaki huko ni chako. Usinikatalie.

Divine wako

Nakivale, 11 Mei 2025

Divine mama,

Salamu kwako na kwa batoto. Bamelala vizuri? Ulrich bado anakohoa?

Kwenye kituo cha afya bamenipima tena. Uzito umepanda, daktari anasema nije Mbarara Jumatatu, sindano zianze. Uvimbe nao umepanda. Hakunificha.

Tangu ubachukue, nyumba imenyamaza. Ninapika, ninakaa, ninasikiliza mulango. Jana nilimaliza sahani nzima. Hakukuwa mutu wa kumuachia.

Mama yako, Perpétue