Inajiwasha Saa Kumi na Nusu

Nyumba ya ghorofa, mlango wa tatu
9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu. Unaendeleaje, na kile kifua kimepoa? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, na miguu haimsumbui kama mwezi uliopita. Binti yangu amefaulu mitihani na anadai shangazi yake alijua mapema.

Kadi ya picha, ile ya kompyuta inayochora picha za michezo, uliyomnunulia marehemu mdogo wetu ilifika wiki tatu baada ya mazishi. Sanduku halikufunguliwa hadi ulipoandika kwamba tuifunge kwenye kompyuta yake ili binti yangu aichezee. Jumamosi moja nikamwita fundi.

Inaingia. Tatizo ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Kitindamimba wetu alikuagiza kadi kubwa, hakukuambia kwamba kompyuta yenyewe aliinunua imetumika, na prosesa yake ina miaka minane. Unamjua kwa kujikweza. Fundi aliwasha mchezo wa magari akatuonyesha vipimo: prosesa imefika mwisho wa nguvu zake, kadi haijafika nusu, picha zinakwamakwama. Kadi ikimaliza kuchora inakaa kusubiri prosesa iipe kazi nyingine. Alisema tumemfunga kijana wa mbio kamba moja na mzee mwenye goti bovu. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu tuzike Machi.

Dawa ni prosesa mpya, lakini mpya haikai kwenye ubao wa zamani, ule unaobeba vifaa vyote vya ndani. Ingebidi ubao nao ubadilishwe. Hapo ndipo tulipokwama.

Kuna jambo sikukuandikia. Kila siku saa kumi na nusu alasiri kompyuta ile inajiwasha. Feni inaanza kuvuma, mwanga wa buluu unatokea chini ya mlango. Marehemu aliitegesha hivyo ili aikute tayari akirudi kutoka kazini, na mpangilio huo umo ndani ya ubao. Mama akisikia feni huacha alichoshika, hufungua mlango wa chumba, husimama kizingitini kama dakika mbili, kisha hufunga. 

Nilipomweleza fundi haya, naye ni mtu mwema, alimwambia Mama asihofu, ubao mpya ataupangia saa ileile.

Mama akamjibu, "Hapo utakuwa unaiwasha wewe, mwanangu. Sasa hivi anaiwasha yeye."

Fundi akaanza kukusanya bisibisi zake.

Kwa hiyo kadi yako imo, inafanya kazi nusu. Binti yangu hucheza Jumapili na hulalamika kwa adabu. Prosesa usinunue. Najua umeshaanza kutafuta.

Akiondoka, fundi alinivuta pembeni. Betri ya ubao, ndogo kama kifungo cha koti, inakaribia kwisha. Ikiisha, umeme ukikatika mara moja tu ubao utasahau saa yake. Kuibadilisha nako kunaweza kuufuta mpangilio. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia aiache.

Mama hajui. Umeme wa mtaa huu unaujua. Jana ulikatika saa nane, ukarudi saa kumi na robo. Nilitoka ofisini mapema, nikasimama mlangoni pa chumba nikiangalia saa.

Iliwaka. Mama alikuja, akanikuta pale. Alifungua mlango, akasogea kidogo, akaniachia nafasi kizingitini.

Nisalimie shemeji na wanao wote wawili. Mama anakuombea dua. Nami nakuombea siku nyingi zisizo na habari.

Kaka yako akupendaye