Mshipi wa Veikko

S.L.P. 418,
Thunder Bay, Ontario.
13 Julai 2009

Mpendwa wifi yangu Sirkka,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Colin na watoto. Habari za baridi ya huko Hobart? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa ukilala? Usiache kunywa ile asali na maji moto hata kama Colin anacheka.

Sisi huku hatujambo kiasi. Baba yenu anakula vizuri, na mguu wake uliovimba tangu Pasaka umerudi hali yake. Mimi ni mzima. Bado nalala upande wangu ule ule wa kitanda, ule wa ukutani, sijui kwa nini.

Najua umepiga simu Jumapili mbili hizi. Nilikuwa jikoni nikiisikia ikilia. Usinikasirikie, wifi. Yaliyotokea kwenye kambi ya uvuvi siwezi kuyasema kwenye simu, Baba akiwa amekaa palepale kwenye kiti chake. Ndiyo maana naandika.

Nianze na kambi yenyewe, maana uliuliza kwa nini hatukurudi kule kwa zamani. Kule lazima upande ile ndege ndogo inayotua majini, na Baba hawezi tena kukanyaga ngazi yake. Daktari naye alisema tusimpeleke mahali ambapo hospitali iko mbali kuliko mwendo wa saa moja kwa gari. Kwa hiyo ikabidi iwe kambi inayofikika kwa barabara. Kuchagua kambi ilikuwa kazi ya Veikko kila Februari. Alikaa na simu sikioni, kikombe kimewekwa juu ya kipasha joto kisipoe, akitaniana na wenye kambi kama ndugu zake. Mwaka huu nilikaa mimi.

Wenye kambi wamezoea kuulizwa samaki wana ukubwa gani. Mimi niliuliza kutoka mlangoni hadi gatini kuna ngazi ngapi, viti vya boti vina egemeo au havina, barabara ya changarawe ikinyeshewa inapitika, na upepo wa magharibi ukivuma kuna ghuba ya kujificha au ni ziwa tupu. Mmoja alichoka akaniambia, “Mama, mimi nakodisha maboti, sikodishi ngazi.” Nikamshukuru, nikakata. Mwingine alinisifia televisheni yake mpaka nikasahau nilichotaka kuuliza. Kisha nikampata Bi Doreen wa Ziwa Wabusk, karibu na njia ya Dryden. Kabla sijafungua mdomo vizuri akaniuliza, “Huyo mzee wenu anatembea na mkongojo au anasukumwa?” Nikaweka nafasi siku ile ile.

Kuhusu vifaa, ndugu yako Reino alitaka tubebe zile ndoana zake nzito zenye kichwa cha risasi, za kudundisha chini ya ziwa. Nilikataa. Uvuvi ule unataka mkono unaosikia, na mkono wa Baba siku hizi unatetemeka hata akishika kijiko. Hawezi kujua samaki ni yupi na mtetemeko wake ni upi. Chelezo kinataka macho tu. Kikizama, unavuta. Nikatoa zile fimbo mbili za kuvulia, ndefu laini, mshipi mwembamba, vyelezo vinavyoteleza kwenye mshipi, ndoana ndogo, chubwi ndogondogo za kuzamisha ndoana, na kopo la ruba wa chambo likakaa kwenye barafu.

Reino akasema, “Shemeji, vyelezo ni vya watoto wa chekechea.”

Baba, tuliyedhani amesinzia, akafumbua jicho moja. “Na wewe umelisha miamba ya ziwa risasi tangu utoto wako. Bado haijashiba?”

Tulicheka wote, hata Reino. Nakutajia hilo kwa sababu ilikuwa siku nzuri.

Unaijua desturi ya nyumba yenu. Ndani ya boti mtu hajifungii mshipi wake. Aliye mbele anamfungia aliye nyuma, na wa nyuma anamfungia wa mbele, ili samaki akikata mshipi awepo wa kulaumiwa. Baba alikaa mbele siku zote, na Veikko nyuma kwenye injini. Mimi nilipokuwa nikipanga safari nilifikiria ngazi, nikafikiria hospitali, nikafikiria egemeo la kiti. Hiyo desturi sikuifikiria hata kidogo.

Asubuhi ya kwanza ziwa lilikuwa limetulia. Reino alishika injini, mimi nikakaa katikati, Baba mbele. Wifi, mtu huyu namfungia vifungo vya shati kila siku. Lakini alichukua fimbo ile ya pili akaifunga yote mwenyewe. Alikaza kile kifundo cha uzi kinachozuia chelezo, akakisogeza mpaka kina alichokitaka, akapitisha ushanga, akapitisha chelezo, akabana chubwi kwa meno kama Veikko alivyokuwa akibana, akafunga ndoana, akatia ruba. Kisha akageuka kumpa mtu wa nyuma. Akamwona Reino. Akairudisha fimbo kifuani pake.

“Hii ya Veikko,” akasema. “Veikko yuko wapi?”

Nikasema yuko njiani anakuja.

Reino akazima injini. “Usimdanganye, shemeji. Baba, Veikko amekufa.”

Najua wewe na Reino mko pamoja katika hili. Mwezi wa Machi uliniambia kwamba kumficha ni kumdharau, kwamba ni mwanawe na ni haki yake kujua. Sikubishana nawe wakati ule, na sasa pia sibishani. Nataka tu ujue inavyokuwa. Baba hakumbuki kwamba alishaambiwa. Alifiwa Desemba, Veikko alipoanguka na koleo la theluji mkononi. Alifiwa tena Mei, ardhi ilipoyeyuka tukaweza kumzika. Pale kambini alifiwa kila asubuhi, ndani ya boti, bila mahali pa kwenda. Siku ile ya kwanza alilia huku amejifunika uso kwa mkono wa koti. Chelezo cha fimbo yake mwenyewe, niliyomfungia mimi, kikazama. Akavuta, akatoa samaki mnene wa aina ya macho-kioo, machozi bado hayajakauka, akapiga kelele kwa furaha, “Veikko akiona huyu atanuna wiki nzima!”

Reino hakusema kwa ukali hata mara moja, na nataka ulijue hilo pia. Kila asubuhi alizima injini kwanza, akasogea karibu, akamshika goti. Ndiye anayemwogesha Baba kwenye sauna kila Jumamosi, anamsugua mgongo, anamkata kucha. Aliacha kuendesha lori la magogo la safari ndefu ili asiwe mbali naye. Na kila asubuhi fimbo ile ya pili ililala juu ya magoti ya Baba, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Reino aliendesha boti kutwa bila kuvua.

Kisha ikaja ile siku ya mezani.

Kambi za barabarani zina watu, wifi, si kama kule tulikokuwa peke yetu. Gatini kuna meza moja ya kuparia samaki na kila mtu hupita hapo. Reino alikuwa akipara, na kando yake Mmarekani mmoja wa Minnesota, mtu mpole mwenye kofia. Baba akamsogelea yule mgeni.

“Bwana, hukumwona mwanangu? Mrefu, hana ndevu. Nimemfungia mshipi tangu asubuhi.”

“Anaitwa nani, mzee?” mgeni akauliza.

Reino hakuinua kichwa. “Amekufa, Baba. Desemba. Tulimzika Mei, ulitupia udongo kwa mkono wako.”

“Nani amekufa?”

“Veikko.”

Baba akashika ukingo wa meza, pale penye magamba. Nilimwekea mkono mgongoni. Akauliza, “Na yule mwingine?”

“Mwingine yupi?”

“Reino.”

“Reino yupo,” akasema Reino. “Reino mzima, Baba.”

Baba akamtazama usoni, akamtazama vizuri kabisa, na hakumjua. Akamgeukia yule mgeni kama mzee anayezungumza na mzee mwenzake. “Unamwona Mungu? Alikuwa na wawili wa kuchagua, na akakosea.”

Mgeni akavua kofia. Hakujua kwamba huyu mwenye kisu ndiye Reino mwenyewe, akamwambia Baba pole. Reino akamaliza kupara samaki wote waliobaki, akaosha kisu, akamwaga ndoo. Kahawa ilipokuwa tayari, Baba alikuwa ameshasahau kila kitu, akauliza kama kuna mkate wenye iliki. Reino akamkatia, akampakia siagi.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni nikimfunga Baba viatu. Nikasikia hatua kwenye mbao za gati, nikainua macho, nikamwona Veikko. Nakuambia kama nilivyoona. Nilishika kizingiti. Kumbe Reino alikuwa amenyoa. Ndevu zile alizofuga tangu kabla sijaolewa kwenu zilikuwa zimeisha zote, na taya ni ile ile, na kile kishimo cha kidevuni, na chini ya mashavu ngozi nyeupe kama ya mtoto kwa kutoona jua miaka yote hiyo. Hakunitazama. Sijui kama aliwaza mimi nitaona nini. Nadhani hakuwaza.

Baba akasema, “Umechelewa, Veikko.”

“Nimechelewa, Baba.”

Tukaingia botini. Baba akamfungia mshipi, akageuka, akampa. Reino akaupokea kwa mikono miwili. Halafu akamfungia Baba wa kwake, maana ndiyo desturi, na Baba akakagua kifundo, akakinung'unikia kidogo, akakikubali. Siku ile hakuna aliyelia, mbali na mimi, na mimi nilijifanya nachagua ruba.

Lakini usidhani ikawa raha. Mchana ule wakati wa kula, Baba akatutazama kutoka upande wa pili wa meza. “Veikko, mbona humkalii mkeo karibu? Mmegombana?” Reino akabaki amesimama na sahani. “Kaa hapo,” Baba akasema, “huyu mwanamke amekuvumilia vya kutosha.” Basi akakaa karibu yangu. Baba akangoja mpaka aweke mkono wake begani kwangu. Akauweka. Wote wawili tulitazama samaki kwenye sahani, na Baba akaanza kula kwa furaha.

Siku ya mwisho tulikuwa kwenye ile ghuba iliyojificha, kuna upepo kidogo. Vyelezo viwili vilikuwa majini karibu karibu. Baba alikuwa mtulivu kama ambavyo sikuwa nimemwona tangu Desemba. Akasema bila kugeuka, “Reino yuko wapi? Siku hizi simwoni.”

Nilitaka kujibu mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Reino akazima injini, kama alivyofanya kila asubuhi.

“Reino amekufa, Baba.”

Baba akafikiri kidogo. “Alikuwa mzito wa kuamka,” akasema. Kisha akanyoosha mkono nyuma. “Nipe ruba.”

Reino akampa.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Tangu turudi, Reino amehamia hapa nyumbani, chumba cha mbele. Baba hajauliza chochote tena, analala usingizi wa mtoto mdogo. Juzi Reino alikuwa uani anapasua kuni, Baba amelala ndani, nikamwita kwa jina lake aje kula. Hakugeuka. Nikamwita tena. Alinyanyua kichwa kama mtu anayesikia wanaita jirani.

Ukija Septemba utamkuta mezani mtu aliyenyolewa. Ukimwita Reino, Baba atauliza Veikko yuko wapi, na itabidi wewe mwenyewe umjibu, ukiwa umesimama mbele yake, si kwa simu. Ukimwita Veikko, utakuwa umemzika ndugu yako wa pili kwa mdomo wako. Mimi sikuchagulii, wifi, na wala sikulaumu kwa ulichosema Machi. Ila fikiria njiani, kabla hujafika mlangoni. Na Jumapili ya kwanza baada ya kupata barua hii piga simu, nitapokea.

Nisalimie sana Colin, na Minna na mdogo wake, uwaambie mkaza mjomba Raili amewawekea soksi za sufu. Bi Doreen naye alisema nikusalimie, nilimweleza habari zako tukiosha vyombo. Baba anakusalimu, anauliza kama umeshajifunza kutengeneza kahawa. Nilimuuliza na Reino kama ana neno la kukuandikia. Alifikiri sana, kisha akasema niandike kwamba Veikko anakusalimu.

Mungu akulinde njia yote hadi ufike kwetu, na akupe nguvu ya kutosha siku ukifika.

Akupendaye siku zote, wifi yako,
Raili