Udongo Wangu Katika Maji ya Rebeka

Mtongwe, Jumanne, 1948

Nani aliyenituma mimi! Binti yangu Rebeka, mwalimu wa kike wa kwanza hapa kwetu, alipanda majani mchangani ndani ya sanduku la kioo la samaki wa shule. Mimi nikautoa mchanga, nikatia udongo mweusi wa bondeni, maana majimbi yangu humo huyashinda ya wote.

Leo karatasi yake ya kupimia maji imegeuka nyekundu.

"Mama, udongo wako umeyatia maji uchachu! Samaki wanahema, na mkaguzi yuaja kesho."

Asema chokaa huondoa uchachu, basi nimemtwangia kombe za pwani, magamba ambayo ndiyo chokaa yenyewe, tumezitia. Samaki bado wanahema. Naogopa...

Wakifa, nitamwambia mkaguzi mwenyewe: udongo ni wangu. Na mwalimu pia ni wangu.