Uzi wa Ijumaa kwenye Masuke ya Ngano

Mama mpendwa,

Assalaam aleikum kutoka kwa mwanao aliye kwenye baridi. Mimi mzima, ni pua tu inatiririka. Goti lako linaendeleaje? Na ngamia wa abuya, huyo ndugu yako mkali, wamerudi kutoka upande wa Kinna, ama bado unakaa barabarani ukingoja maziwa ya kuuza? Naandika kwa sababu simu yako hukatika kila nikifika kwenye utamu. Talaso, wewe dada yangu unayemsomea Mama, soma yote. Ukiruka mahali ninaposifiwa, nitajua.

Nasikia umewaambia watu wa Wabera kwamba huku Nakuru nalima ngano. Silimi, Mama, nafanya utafiti! Mkubwa wetu, Daktari Njeri, anatafuta jeni zinazofanya kazi ndani ya mbegu ya ngano inapokua. Jeni ni maagizo. Yote yamo ndani ya mbegu tangu mwanzo, lakini hayaamki pamoja. Ni kama nyumbani kwetu asubuhi: wewe unaamka kwanza, halafu Talaso awashe moto, halafu mimi, jua likiwa utosini. Daktari anataka kujua ni siku gani imeamka ile ya kujenga ganda, na ni siku gani ile ya kujaza unga. Akijua, labda itapatikana ngano inayojaa upesi kabla mvua haijakatika. Anasema itachukua miaka. Mimi nasema ni kwa sababu alichelewa kuniajiri.

Kazi yangu ni hii. Ngano ikichanua ndani ya nyumba ya vioo, nafunga uzi kwenye suke. Kila siku ina rangi yake: Alhamisi nyekundu, Ijumaa kijani. Siku ya kumi tunakata, tunatoa mbegu na kuzitumbukiza papo hapo kwenye naitrojeni, maji yanayofuka moshi na yenye baridi kuliko barafu. Ukikawia, jeni zinajua suke limekatwa, zinaanza shughuli za msiba.

Basi Jumatatu iliyopita tukakata masuke ya uzi wa kijani. Mbegu ya siku kumi ukiiminya inatoa maziwa, wallahi. Nikaminya moja, nikaminya ya pili.

"Daktari, hizi si umri mmoja," nikasema. "Haya maziwa mepesi, haya mazito. Mimi ni mtoto wa muuza maziwa, sidanganywi."

"Nani alizifunga?"

"Ni mimi. Hizi nyepesi Ijumaa asubuhi. Hizi nzito Ijumaa pia, nilipotoka kuswali magharibi."

"Magharibi ya Ijumaa?"

"Hapana, ya Alhamisi. Jua likizama si ni Ijumaa tayari?"

Mama, Daktari alikaa juu ya ndoo.

Kumbe nilikuwa nimefanya hivyo kila jioni, msimu mzima. Jua likizama, nachukua uzi wa kesho. Chupa zote zilizogandishwa zilikuwa na siku zimechanganyika. Na mjue, alikuwa ameahidi kubakisha mmoja wetu msimu ujao, mimi ama Kiprono, mwenzangu wa kazi. Kiprono akaninong'oneza, "Panga mkoba, bwana. Magari ya Isiolo yako mengi."

Daktari aliponiuliza zipi ni za jioni, nilitamani kusema sikumbuki. Lakini Daktari ni mama wa watu, ameifanya kazi hiyo hadi mvi zimemtoka. Nikamwambia kwamba jioni nilifunga meza za karibu na mlango tu, kwenye taa. Chupa zina namba za meza, basi siku tatu tulipanga upya mimi na yeye. Meza mbili sikuwa na uhakika, nikasema sina uhakika, zikatupwa. Talaso, usicheke. Iliniuma.

Jana akaniita kwenye kompyuta. Mwanzo vipimo vya ile jeni ya unga vilikuwa vimetawanyika kama mbuzi walioona fisi. Sasa vimepanda siku kwa siku, mstari safi.

"Unaona?"

"Naona, Daktari. Tumefanya kazi nzuri."

"Tumefanya?" Akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Haya. Msimu ujao unabaki wewe. Lakini kwangu Ijumaa inaanza saa sita usiku. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Swala nitafuata saa yangu, uzi nitafuata yako."

Kwa hivyo mwisho wa mwezi siji, Mama, na usinune. Tunapanda tena hivi karibuni.

Nisalimie nyanya, umwambie baridi haijaniua. Nisalimie jirani yetu mwenye duka, yule wa Meru anayeniita mtalii. Na abuya, aliyesema huku simalizi mwezi, msalimie kwa sauti kubwa, watu wakiwepo.

Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Guyo, mfanyakazi wa msimu wa pili